Barakoa safi si lazima iwe barakoa inayokinga

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 haukuwa tena dharura ya afya ya kimataifa. Tangu siku hiyo wengi wetu, nyumbani na huku ughaibuni, tumezisukumia barakoa kwenye mtoto wa meza na kumshukuru Mungu. Lakini barakoa yenyewe haikustaafu. Muuguzi wa wodi ya kifua kikuu anaivaa leo kama alivyoivaa jana. Kibarua anayekata mawe na kuchanganya saruji katika miji ya Ghuba anaihitaji kila asubuhi. Ndugu zetu wa Kagera waliikumbuka mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025, pale ulipotangazwa mkoani humo ugonjwa wa Marburg. Waganda nao waliikumbuka mwaka 2022 na tena 2025 kwa sababu ya Ebola.

Na kila inapohitajiwa, swali huwa ni lile lile: je, naweza kuisafisha nikaivaa tena? Si swali la kuchekwa hata kidogo. Anayeuliza hivyo ni mtu ambaye kisanduku cha barakoa kwake ni mboga ya siku mbili tatu, au ni mfanyakazi wa zahanati ambako mzigo wa barakoa hufika leo na mwingine haujulikani utafika lini. Mtu huyo anastahili jibu la kweli, si kuambiwa tu "nunua nyingine".

Jibu letu ni fupi ingawa maelezo yake ni marefu kidogo: inategemea ni barakoa ya aina gani. Kuua vijidudu vilivyomo kwenye barakoa ni jambo moja. Kuiacha barakoa ikiwa bado na uwezo wake wa kukinga ni jambo la pili. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa sababu mara nyingi dawa inayotimiza la kwanza ndiyo hiyo hiyo inayoharibu la pili.

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Tarehe 3 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba ulimwengu ulikuwa ukihitaji barakoa za hospitali zipatazo milioni 89 kila mwezi kwa ajili ya kupambana na virusi vya korona, na kwamba bei ya barakoa hizo ilikuwa imepanda mara sita, na ile ya N95 mara tatu. Nchi tajiri ziligombania shehena kama watu wanaogombania maji kisimani wakati wa kiangazi. Wauguzi katika hospitali za Marekani, nchi yenye kila kitu, walikabidhiwa barakoa moja na kuambiwa waitunze kwa siku kadhaa. Ikiwa hali ilikuwa hivyo huko, msomaji apime mwenyewe ilivyokuwa katika zahanati ya kijijini kwetu.

Katika dhiki ile kila mtu akawa mganga. Mmoja alisema ichemshwe, wa pili ipigwe pasi, wa tatu ipulizwe spiriti, wa nne iwekwe kwenye oveni, wa tano ianikwe juani tu inatosha. Mafunzo hayo yalisambaa kwenye simu zetu kwa kasi kubwa kuliko maradhi yenyewe, na mengi yangali yanazunguka mpaka leo. Siku barakoa zitakapoadimika tena, ndiyo yatakayofufuliwa kwanza. Ndiyo maana tunaona ni vyema kulizungumza jambo hili sasa, wakati vichwa vimetulia.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wengi wetu hudhani barakoa hufanya kazi kama kifumbu cha kuchujia tui, yaani kilicho kikubwa kuliko tundu hubaki na kilicho kidogo hupita. Kwa barakoa ya kitambaa dhana hiyo haiko mbali sana na ukweli. Lakini ile ya hospitali ya rangi ya bluu, na zaidi ile ya N95, ina siri ndani yake. Tabaka la katikati limetengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, iliyoyeyushwa na kupulizwa kwa hewa ya moto hadi ikawa nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Kisha nyuzi hizo hutiwa chaji ya umeme tuli, umeme ule ule unaokifanya kitana kilichopitishwa kwenye nywele kavu kuvuta vipande vya karatasi. Chembe ndogo sana ambazo zingeweza kupenya katikati ya nyuzi huvutwa na umeme huo zikanata.

Kwa njia hiyo barakoa ya N95 huweza kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio zenye ukubwa wa takriban mikroni 0.3, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bila chaji hiyo, kitambaa kingelazimika kuwa kinene sana ili kifanye kazi ile ile, na mvaaji angekosa pumzi.

Sasa tazama kinachotokea barakoa hiyo inapolowekwa kwenye spiriti au kufuliwa kwa sabuni. Vijidudu hufa, hilo ni kweli. Lakini spiriti na sabuni huiondoa ile chaji. Barakoa hukauka, ikawa nyeupe, yenye harufu nzuri, na anayeitazama huridhika. Kilichopotea hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa pua. Mvaaji huingia wodini akijiona amejikinga kumbe amejifunika tu. Tunathubutu kusema kwamba mtu huyo yumo hatarini kuliko yule asiyekuwa na barakoa kabisa, kwa sababu yule wa pili anajua kuwa hana kinga, kwa hiyo atakaa mbali.

Kuna kisa cha kweli kinachoeleza vizuri jinsi macho yanavyodanganywa. Mapema mwezi Machi 2020, huko Thailand, katika jimbo la Saraburi, polisi walivamia mahali ambapo barakoa zilizokwisha kutumiwa zilikuwa zikisafishwa, zikipigwa pasi na kukunjwa upya ili ziuzwe kama mpya. Mnunuzi asingeweza kuitambua. Yale waliyoyafanya matapeli wale kwa tamaa ya fedha, wengi wetu tunayafanya majumbani kwa nia njema, lakini matokeo kwa pua na mapafu ni mamoja.

Basi tuzipange barakoa katika mafungu matatu, na kila fungu tulipe haki yake.

Fungu la kwanza ni barakoa ya kitambaa. Hii ndiyo babu wa zote. Katika miaka ya 1910 na 1911, tauni ya mapafu ilipoua watu wapatao 60,000 huko Manchuria, daktari kijana mzaliwa wa Penang, Wu Lien-teh, alisisitiza kwamba ugonjwa ule ulipita kwenye hewa, akawavalisha watu barakoa za shashi na pamba. Daktari mwenzake Mfaransa, Gérald Mesny, alimdharau, akaingia kwa wagonjwa uso wazi, na siku chache baadaye akafa kwa tauni ile ile. Kwa miaka mingi baada ya hapo barakoa za hospitali zilikuwa za kitambaa, zikifuliwa na kutakaswa kwa joto kisha kuvaliwa tena. Kwa hiyo kufua barakoa ya kitambaa si jambo la kuona haya. Iliumbwa ifuliwe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Juni 2020, lilieleza namna ya kuifua. Ifuliwe angalau mara moja kwa siku kwa sabuni na maji ya moto, ikiwezekana yasiyopungua nyuzijoto 60. Pasipokuwa na maji ya moto, ifuliwe kwa sabuni na maji ya kawaida, kisha ama ichemshwe kwa dakika 1, ama ilowekwe kwa dakika 1 katika maji yenye klorini ya asilimia 0.1, na baadaye isuuzwe vizuri sana ili klorini isibaki ikaingia kifuani. Hesabu yake si ngumu. Ikiwa chupa ya jiki imeandikwa asilimia 3.5, chukua sehemu 1 ya dawa na sehemu 34 za maji. Ikiwa imeandikwa asilimia 5, sehemu 1 kwa 49. Changanya ya siku hiyo tu, kwa kuwa dawa hii hupoteza nguvu ikikaa. Na kwa vyovyote vile usichanganye jiki na siki, wala na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Baada ya hapo barakoa ianikwe mpaka ikauke kabisa, maana kitambaa chenye unyevu ni nyumba ya ukungu.

Lakini haki ya kitambaa ina mipaka yake. Hupunguza matone ya mate ya mvaaji yasiwafikie wengine, na humpunguzia mvaaji mwenyewe kiasi fulani. Mafundi cherehani wetu waliozishona kwa kanga na vitenge mwaka 2020 walifanya kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, haikuwa N95 na haitakuwa. Ya sokoni na ya daladalani ndiyo hiyo. Ya wodi ya kifua kikuu siyo.

Fungu la pili ni barakoa ya bluu ya hospitali, ile ya kufunga masikioni. Hii ilitengenezwa ivaliwe mara moja itupwe. Ikifuliwa, hupoteza chaji, tabaka zake hulegea, na waya wa puani hauikamati tena. Ikilowa jasho au mate, imekwisha. Tutaulizwa: je, asiye na nyingine afanye nini? Hatutaki kumdanganya mtu. Barakoa ya bluu iliyovaliwa kwa muda mfupi dukani, ikiwa kavu na haijachafuka, mwenyewe anaweza kuiweka kwenye bahasha ya karatasi akaivaa siku nyingine kwa safari kama ile. Hata ile iliyofuliwa haikugeuka kuwa hewa tupu, kwani bado itazuia matone makubwa ya anayekohoa. Lakini asiitegemee mbele ya mgonjwa, na asimpe mtu mwingine. Aidha, anapoitupa aikate mikanda yake, ili asije mtu akaiokota akaipiga pasi.

Fungu la tatu, na hapa ndipo penye mzozo wote, ni N95 na dada zake: FFP2 ya Ulaya na KN95 ya China. Hizi nazo, kwa sehemu kubwa, ni za kutumiwa kwa muda wa zamu moja. Msomaji aliyeko Ulaya akiitazama FFP2 yake ataona herufi NR, maana yake si ya kurudiwa baada ya zamu. Zipo chache zenye herufi R peke yake, na hizo mtengenezaji ameeleza namna ya kuzisafisha. Herufi moja tu, lakini inasema mengi.

Mtaalamu aliyegundua njia bora ya kuzitia chaji nyuzi hizo ni Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Tennessee. Alikuwa amekwisha kustaafu. Mwaka 2020 alirudi kazini kwa swali hili hili tunalolijadili: vijidudu vitauawa vipi bila kuua chaji? Miongoni mwa njia alizozikubali, mbili ni za kawaida kabisa. Ya kwanza ni kuipumzisha barakoa siku kadhaa ikiwa kavu mpaka virusi vife vyenyewe. Ya pili ni joto kavu la nyuzi 70 kwa dakika 30, barakoa ikiwa imening'inia bila kugusa chuma. Spiriti, sabuni na jiki hazimo katika njia hizo.

Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani nacho kilifuata njia ya muda. Kilieleza kwamba wakati wa uhaba, mhudumu apewe barakoa 5, avae moja kila siku, na kila anapoivua aiweke kwenye mfuko wake wa karatasi, ili kila barakoa ipumzike si chini ya siku 5. Watafiti wa Hong Kong walionyesha mwaka huo huo kwamba kwenye tabaka la nje la barakoa ya hospitali bado kiasi kidogo sana cha virusi hai, kama asilimia 0.1, kiliweza kuonekana hata siku ya 7. Kwa hiyo aliye na uwezo wa kuzipumzisha zaidi, azipumzishe zaidi, na kila mara aishike kwa mikanda tu na anawe mikono baada ya kuivaa na baada ya kuivua.

Msomaji atauliza kwa nini mfuko wa karatasi. Kwa sababu karatasi hupumua, na plastiki hufungia unyevu. Barakoa iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na pumzi ya mtu ndani yake haipumziki, inaoza.

Palikuwa na njia za kitaalamu pia. Mwishoni mwa Machi 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kwa dharura mitambo ya taasisi ya Battelle ya Ohio iliyotumia mvuke wa haidrojeni peroksaidi, na barakoa moja iliruhusiwa kupitishwa humo hadi mara 20. Lakini kufikia mwisho wa Juni 2021 ruhusa hizo zote zilikuwa zimefutwa, baada ya barakoa mpya kupatikana za kutosha. Hilo ni funzo kubwa. Hata wenye mitambo ya mamilioni walihesabu kuirudia barakoa kuwa ni daraja la kuvukia dhiki, si nyumba ya kuhamia.

Tena, hata barakoa ikitakaswa vizuri namna gani, mikanda yake huchoka. N95 inakinga pale tu inapobana uso pande zote. Ndiyo sababu wataalamu walishauri isivaliwe zaidi ya mara 5 kama mtengenezaji hakusema vinginevyo. Kila unapoivaa iguse pande zote kwa viganja, pumua kwa nguvu, na ukisikia hewa ikitoka pembeni ya pua au shavuni, basi haikubani. Ndevu nazo huacha upenyo, hata kama barakoa ni mpya kutoka kwenye kisanduku.

Kwa muhtasari, yasifanywe haya: N95 na barakoa ya bluu zisifuliwe, zisilowekwe kwenye spiriti wala jiki, zisipigwe pasi. Zisiwekwe kwenye oveni ya mikrowevu, kwani waya wa puani hutoa cheche. Barakoa iliyotumika isiingizwe kwenye oveni ya kupikia chakula cha nyumbani, wala isianikwe juu ya jiko la mkaa, ambako hakuna anayeweza kujua kama joto ni nyuzi 70 au 200. Jua nalo ni zuri kwa kukaushia, lakini mwanga wake haufiki katika tabaka za ndani, kwa hiyo lisihesabiwe kuwa ni dawa.

Hapana budi pia kutofautisha maradhi na maradhi. Kifua kikuu huambukiza kwa hewa inayovutwa, si kwa kugusa barakoa. Ndiyo maana mhudumu wa kifua kikuu huruhusiwa kuirudia N95 yake mwenyewe, madhali ni kavu, haijakunjika wala kuchafuka, na bado inambana. Marburg na Ebola ni habari nyingine kabisa. Hizo huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili, na barakoa iliyorushiwa majimaji hayo hairudiwi hata kama ndiyo ya mwisho ghalani. Hupelekwa kuchomwa pamoja na taka nyingine za hatari. Anayemwambia muuguzi wa Biharamulo au Kampala aipumzishe siku 5 barakoa ya namna hiyo anamchimbia kaburi.

Baada ya maelezo hayo, tuseme lililotufanya tuandike. Elimu ya kuirudia barakoa ni nzuri, lakini isigeuzwe kuwa kisingizio. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Inajulikana wazi kwamba wahudumu wa afya huambukizwa ugonjwa huo kuliko watu wengine. Maana yake ni kwamba kwa muuguzi wa kwetu, uhaba wa barakoa haukuanza 2020 wala haukuisha 2023. Na pale wakubwa wanaponyamaza, yeye ndiye anayeachiwa aamue: je, hii ya juzi bado inafaa? Si haki uamuzi huo ubebwe na mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika jengo lile.

Tunaziomba wizara za afya za nchi zetu zifanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Kwanza, kila kituo kiwe na maandishi ya Kiswahili chepesi, yaliyobandikwa ukutani, yanayoeleza barakoa ipi hufuliwa, ipi hupumzishwa na ipi hutupwa, na mwisho wake ni mara ngapi. Visanduku vinavyofika huja na maelezo ya Kiingereza au Kichina, na mfagizi wa wodi, ambaye naye huvuta hewa ile ile, hayaelewi. Pili, iwekwe akiba na izungushwe. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini akiba ya barakoa huchoka mikanda ikikaa miaka, basi itumike ya zamani na iingie mpya. Mwaka 2020 kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, Kenya, kiligeuza kazi na kutoa barakoa kwa maelfu. Uwezo upo. Ajizi ndiyo nyumba ya njaa.

Tatu, zitazamwe barakoa za mpira zenye vichujio vya kubadilishwa, zile zinazofanana na za wapiga rangi. Sehemu yake ya mpira hufutwa na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini miaka nenda miaka rudi, kichujio kikiwa kimetolewa pembeni. Mwaka 2020 hospitali za mtandao wa Allegheny, huko Pennsylvania, ziliwagawia wahudumu wake barakoa hizo badala ya kuhangaika na N95 za kutupa. Bei yake ya mwanzo ni kubwa, hatukatai, na kusemezana na mgonjwa ukiwa umeivaa ni kazi. Lakini kwa wodi ya kifua kikuu, ambako muuguzi ataihitaji mwaka huu na mwaka wa kumi, hesabu inaelekea upande wake. Ikiwa ni lazima kurudia, basi kirudiwe kilichotengenezwa kirudiwe.

Nne, madirisha yafunguliwe. Utafiti uliofanywa Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa zilipitisha hewa vizuri kuliko za kisasa, na hatari ya kifua kikuu ikapungua. Hospitali zetu nyingi za zamani zimejengwa vivyo hivyo. Dirisha halihitaji kuagizwa kutoka nje.

Na sisi tulio ughaibuni tunalo letu. Watu wetu wa Muscat, Dubai, London na Minneapolis ni wepesi wa kuchanga panapotokea balaa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini tuchange kwa macho. Kabla ya kutuma kisanduku nyumbani, tutazame kilichoandikwa. N95 ya kweli iliyoidhinishwa Marekani huwa na namba inayoanza na TC-84A na hufungwa kwa mikanda ya kichwani, si ya masikioni. FFP2 ya kweli huwa na alama ya CE na namba ya tarakimu nne pembeni yake. Kisicho na alama hizo, hata kikiwa na bei ya kutupa, ni kitambaa tu. Aidha, tunapotuma, tuweke ndani karatasi ya Kiswahili inayoeleza matumizi. Karatasi hiyo itagharimu senti, na inaweza kuokoa mapafu ya mtu.

Wale wenye wafanyakazi katika vumbi la ujenzi nao wasijifiche nyuma ya maneno haya. Barakoa ya vumbi ikijaa, pumzi huwa nzito, na hapo dawa yake ni kubadilishwa, si kukung'utwa ukutani wala kupulizwa kwa pampu. Kibarua asikatwe mshahara kwa kuomba nyingine.

Gonjwa jingine litakuja, kwani ndivyo dunia ilivyo. Hatujui jina lake wala mwaka wake. Tunachojua ni kwamba siku hiyo barakoa zitaadimika tena na simu zetu zitajaa mafunzo ya kuchemsha na kupiga pasi. Basi mwenye kusoma haya leo amweleze jirani yake mapema: kitambaa fua, bluu tupa, N95 pumzisha ikiwa kavu na uihesabu siku zake. Na mwenye mamlaka ahakikishe kwamba muuguzi wake hahitaji kuuliza.